Bibi Seva Anajibu: Mchepuko Usiokuwa na Tarehe

Barua za mwezi huu karibu zote zina neno moja: "linajulikana". Mtu anapiga simu kwa waliomuuzia programu ya seva ya faili, ile kompyuta inayotunza faili za ofisi nzima, anaambiwa tatizo lake linajulikana, anapewa mchepuko, simu inakatwa. Nasema mchepuko kwa maana ya barabarani: njia kuu imefungwa, unapitishwa vumbini mpaka daraja litengenezwe. Ile maana nyingine mnaijua wenyewe, na zote mbili huanza na maneno yaleyale, "ni ya muda tu".

Shikamoo Bibi Seva. Kuna faili ya bajeti kwenye folda ya pamoja. Kila nikiifungua naambiwa bosi wangu anaitumia, niisome tu, nisiiguse. Bosi yuko likizo na kompyuta yake imezimwa tangu Ijumaa. Nimeenda kuishika, ni ya baridi. Mwenzangu akafuta ile faili ndogo iliyofichwa yenye alama za ajabu mwanzoni mwa jina. Sasa tunaambiwa inatumiwa na "mtumiaji mwingine". Tumeharibu?
Mhasibu wa zamu

Marahaba, mwanangu. Hamjaharibu kitu. Mlichofuta ni kibao cha mlangoni, kufuli bado ipo.

Kufuli yenyewe iko kwenye seva. Kompyuta inapofungua faili ili iandike, seva inaweka kumbukumbu kwamba mtumiaji fulani kwenye kompyuta fulani ameishika, na akija mwingine kutaka kuandika anakataliwa. Kibao ni ile faili ndogo inayoanza na ~$. Word au Excel ndiyo inayoiweka kando ya faili yako, na ndani yake inaandika jina la aliyeifungua. Mtu akifunga vizuri, kibao kinaondolewa. Umeme ukikatika au kompyuta ikiganda, kibao kinabaki na jina la mtu aliyekwisha kwenda zake. Ndivyo bosi alivyosingiziwa akiwa likizo.

Sasa angalia mlichogundua bila kukusudia. Kibao kimeondoka na faili bado inakataa, kwa hiyo kuna mtu anaishika kweli, na si kompyuta iliyozimwa siku tatu. Hiyo iliyozimwa, seva ilishaikatia tamaa zamani. Mwombe msimamizi wa seva aangalie orodha ya faili zilizo wazi. Kwenye Windows Server ataipata kwenye usimamizi wa kompyuta, chini ya folda za pamoja, au aandike Get-SmbOpenFile kwenye PowerShell, dirisha la kuandikia amri. Kama seva ni Linux yenye Samba, programu inayoiwezesha kugawa folda kwa kompyuta za Windows, aandike smbstatus -L, itamwonyesha namba ya mchakato unaoishika faili. Mimi ningemshuku mtu aliyeacha folda hiyo wazi huku kile kidirisha cha hakikisho upande wa kulia kikimwonyesha bajeti. Huyo hajui kama ameifungua. Ameibofya mara moja tu, akaenda kwenye kikao.

Akipatikana, apigiwe simu kwanza. Kumnyang'anya faili kutoka upande wa seva ni amri moja tu, Close-SmbOpenFile, lakini kama alikuwa na kazi ambayo hajaihifadhi, ndiyo imekwenda. Kwenye Samba ni kali zaidi: ukiua mchakato wake, anapoteza faili zote alizofungua kwenye seva hiyo, siyo ile moja unayoitaka. Na msimamizi aue namba iliyoonyeshwa, asiguse mchakato mama, la sivyo hakuna mwingine atakayeweza kuingia.

Bibi Seva, nimerithi seva kutoka kwa mtu aliyeondoka bila kukabidhi. Kila usiku programu ya nakala rudufu inaniletea orodha ya faili ilizoshindwa kuzisoma. Nikienda kuzitazama nazikuta zipo. Nikitaka kuzifuta, Windows inasema jina ni refu mno. Kama ni refu mno, watu waliziumbaje?
Mrithi

Swali lako la mwisho ndilo lenye jibu lote.

Windows ya kawaida inaruhusu anwani kamili ya faili isizidi herufi 260, kuanzia herufi ya diski hadi ile alama isiyoonekana ya mwisho. Mtumiaji wako haioni anwani yote. Yeye anaona M:\ peke yake, herufi tatu, maana mtangulizi wako alimfungulia njia ya mkato inayoingia moja kwa moja ndani kabisa ya folda. Kwenye seva yenyewe, M:\ hiyo ni D:\Hisa\Idara ya Usimamizi wa Rasilimali na Utawala\Miradi\ na kuendelea, labda herufi 120 kabla hata hajaanza kutaja kazi yake. Ukitoa tatu za M:\ na ile alama ya mwisho, yeye kabakiwa na 256, anazitumia zote bila kuvunja sheria yoyote upande wake, na kwenye seva faili inazaliwa na anwani ya herufi zaidi ya 370. Programu ya nakala rudufu inaanzia juu, kwenye D:\, inagonga ukuta njiani.

Tangu Windows 10 toleo 1607 na Windows Server 2016 kuna mpangilio wa kuruhusu anwani ndefu, unaitwa LongPathsEnabled. Wengi wanauwasha, wanaona hakuna kilichobadilika, wanasema ni uongo. Si uongo, ila programu yenyewe nayo lazima iwe imetangaza kwamba inaziweza, na kile kidirisha cha kawaida cha kuvinjari faili bado hakiziwezi vizuri. Kwa hiyo muulize aliyekuuzia programu ya nakala rudufu swali moja: toleo hili linasoma anwani ndefu au halisomi? Usikubali "linapaswa kusoma".

Kwa leo, mchepuko uko wa aina mbili. Unaweza kwenda kwenye seva na kutumia amri ya subst kuipa folda ya ndani herufi yake ya diski, ukaingia kwa mlango uleule aliotumia mtumiaji, ukafuta au kubadilisha jina. Au utumie robocopy, amri ya kunakili ya Windows, ambayo anwani ndefu haziisumbui. Watu wanapenda kuifutia kwa kuakisi folda tupu juu ya ile iliyogoma, kwa /MIR. Inafanya kazi vizuri mno. Mimi niliwahi kuielekeza ngazi moja juu ya pale nilipokusudia. Sitaeleza zaidi, ila usiku ule ndipo nilipopata uhakika kwamba nakala zetu rudufu zinarudisha.

Ukishazima moto, fupisha juu, usifupishe chini. Usiwaandikie watu waraka wa kuwaomba wafupishe majina ya faili, hakuna atakayeusoma. Badilisha hiyo "Idara ya Usimamizi wa Rasilimali na Utawala" iwe "Utawala", na kila faili iliyo chini yake imepata herufi 36 bure. Kabla ya hapo tafuta vitabu vya Excel vinavyovutiana namba kutoka faili nyingine, maana viungo vyake vitakatika. Na ukilalamikiwa kwamba Excel inakataa faili ambayo Notepad inaifungua, usishangae: mpaka wa Excel ni mfupi zaidi, herufi 218.

Nimehamisha ripoti kutoka folda yetu ya siri kwenda folda ya wote. Wenzangu wanaiona lakini wakibofya wanakataliwa. Nimeitoa na kuirudisha mara tano.
Nimechoka kuburuta

Irudishe ya sita, lakini safari hii inakili badala ya kuihamisha, kisha ufute ya kwanza.

Faili inayohamishwa ndani ya diski ileile haisafiri kweli. Seva inabadilisha tu anwani yake, na ruhusa zake za zamani inaondoka nazo, kama mtu aliyehama nyumba na kufuli ya nyumba ya kwanza. Inayonakiliwa ni faili mpya, nayo inapokea ruhusa za folda ilimozaliwa. Kama mmeshahamisha mamia, msimamizi atumie amri ya icacls yenye /reset kwenye faili zilizomo ndani ya folda ya wote, zitapokea ruhusa za hapo. Kasoro hii huwezi kuikuta kwenye orodha yoyote ya kasoro, kwa sababu ndivyo ilivyokusudiwa. Ila upande wa kinyume ndio unaoninyima usingizi: faili inayohamishwa kutoka folda ya wote kuingia folda ya siri inaweza kuingia na ruhusa zake za wazi. Hiyo hakuna anayekuja kuilalamikia.

Bi mkubwa, tuna kisanduku cha NAS, kinachotunza faili kwenye mtandao wa ofisi, ambacho wote tulikuwa tunaingia bila nenosiri. Kompyuta mpya zenye Windows 11 zinakikataa, za zamani zinaingia. Wakati huohuo mashine yetu ya fotokopi, iliyokuwa ikiskani moja kwa moja kwenye folda, imegoma tangu tulipobadilisha seva. Fundi tuliyemwita anasema atazima ulinzi fulani na vyote vitarudi. Tumruhusu?
Ofisi ndogo

Haya ni mashauri mawili mmeyafunga kamba moja. Msimruhusu mpaka ayafungue.

Kisanduku kwanza. Windows 11 toleo 24H2, la mwaka 2024, lilikuja na masharti mawili ambayo hapo nyuma hayakuwa ya lazima: mazungumzo kati ya kompyuta na seva ya faili yatiwe sahihi, na anayeingia asiingie kama mgeni. Masharti hayo yanabanana. Sahihi hutengenezwa kwa ufunguo unaopatikana mtu anapojitambulisha kwa nenosiri lake. Mgeni hajajitambulisha, hana ufunguo, hana cha kutia sahihi. Kwa hiyo mkibadilisha mpangilio mmoja bila wa pili mtazunguka siku nzima, mnafungua huku mnafungiwa kule.

Fundi wenu anataka kuyalegeza masharti yote mawili kwenye kila kompyuta. Itafanya kazi. Lakini dawa iko kwenye kisanduku chenyewe: fungueni akaunti kwa kila mtu, kila moja na nenosiri lake, na mwashe utiaji sahihi kwenye mipangilio ya kisanduku ya SMB, lugha ambayo kompyuta huongea na seva ya faili. Ni kazi ya alasiri moja, na kuanzia hapo mtajua nani kafuta nini. Kama kisanduku ni cha zamani kiasi kwamba sahihi hakizijui kabisa, hapo legezeni, kwenye kompyuta zinazokihitaji tu, huku mkitafuta kingine.

Mashine ya fotokopi ni ugonjwa mwingine. Bila shaka inazungumza SMB toleo la kwanza, lugha ambayo mizizi yake ni miaka ya 1980, na seva mpya haiisikii. Microsoft iliacha kuiwasha kwenye Windows 10 na Windows Server kuanzia toleo 1709 la mwaka 2017, na mwaka huo una kisa chake. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa kwa kupitia tundu lililokuwa kwenye SMB hiyohiyo ya kwanza. Kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi. Waliochelewa kukibandika ndio waliokiona cha moto.

Kwa hiyo hapana, msiiwashe kwenye seva yenye kila kitu chenu kwa ajili ya mashine ya fotokopi. Tazameni kwanza menyu yake. Nyingi za umri huo zinaweza kutuma kwa barua pepe au kwa FTP, njia nyingine ya kutuma faili, na mtu hajawahi kuuliza kwa sababu folda ilikuwa inafanya kazi. Ikishindikana, wekeni kompyuta moja ndogo pembeni, kwenye mtandao uliotengwa, ipokee kutoka kwa mashine kwa lugha ya zamani na isiwe na kitu kingine chochote. Seva yenu iende kuchukua karatasi hapo. Seva ndiyo iende, mashine isije.

Matawi yetu mawili yana seva mbili zinazosawazishana kwa DFS ya Windows. Jana niliandika mkataba saa nne nzima. Leo nimefungua, nimekuta wa mwenzangu wa tawi la pili, wangu haupo hata kwenye pipa la taka. Msimamizi anasema mfumo "umefanya kazi inavyotakiwa".
Mwandishi wa mikataba

Pole sana. Na msimamizi wako, kwa bahati mbaya, amesema kweli.

Kufuli niliyomweleza mhasibu hapo juu inakaa kwenye seva moja. Wewe ulifungua mkataba kwenye seva yenu, ikakufungia. Mwenzako aliufungua kwenye seva yao, nayo ikamfungia yeye. Kila mmoja akajiona yuko peke yake chumbani. Usawazishaji wa DFS haupelekeani kufuli. Unapelekeana faili ambazo aliyezifungua amemaliza nazo na kuziachia. Zilipokutana mbili zilizobadilishwa zote, mfumo ukachagua iliyoandikwa mwisho. Yeye alihifadhi baada yako, labda kwa dakika moja, labda alibadilisha koma.

Ila mkataba wako huenda haujafa. Aliyeshindwa hafutwi papo hapo; anapewa jina jipya na kutupwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo ConflictAndDeleted, ndani ya DfsrPrivate. Mwambie msimamizi atafute kwenye logi tukio namba 4412, ndilo linalotangaza mgongano na kutaja faili. Kisha atumie Restore-DfsrPreservedFiles, amri iliyopo tangu Windows Server 2012 R2. Afanye leo, si kesho: folda hiyo ina ukubwa wake maalumu, na ikijaa inaanza kufuta vya zamani.

Kuzuia yasijirudie, kila folda iwe na seva moja ya kuandikia. Tawi la pili wafungue mikataba kutoka seva yenu hata kama mtandao unawachelewesha kidogo, na nakala yao ibaki ya kusoma au ya kujikinga na ajali. Watalalamika kwamba ni polepole, na ni kweli.

Nimefuta logi ya gigabaiti 40 kwenye seva ya Linux. Diski bado inasema imejaa.
Diski kamili

Kuna programu bado imeifungua. Jina limefutika, nafasi haijaachiwa. Andika lsof +L1, utamwona mwenyewe. Iwashe upya programu hiyo, usiwashe upya seva nzima. Ukikuta hakuna, angalia kama diski inahifadhi picha za hali ya nyuma, maana nazo hushikilia vilivyofutwa. Na siku nyingine utakapoambiwa imejaa huku gigabaiti zikionekana tele, andika df -i: zilizokwisha ni namba za kusajilia faili.

Watumiaji wa Mac wanajaza folda zetu takataka za .DS_Store na faili zinazoanza na nukta na mstari. Nimezipiga marufuku kwenye Samba kwa mpangilio wa veto files. Sasa kuna folda hazifutiki.
Msafi

Umezificha, hujaziondoa. Folda unayoiona tupu imezijaa, na Samba haifuti folda yenye kitu ndani mpaka umwambie delete veto files = yes. Zile za ._ ningeziacha kwanza. Kuna programu za Mac zinazotunza humo sehemu ya faili yenyewe, na ukizitupa unatupa kazi ya mtu. Washa moduli ya vfs_fruit, iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni hao hao.

Mhandisi wetu mmoja hawezi kuingia folda ya NFS (njia ya kugawana folda kati ya mashine za Linux) ambayo kikundi chake kinaruhusiwa. Wenzake wa kikundi hichohicho wanaingia. Nimekagua ruhusa mpaka macho yanauma.
Msimamizi wa Linux

Acha ruhusa, hesabu vikundi. Andika id ikifuatiwa na jina lake, uhesabu kwa kidole. Nakuhakikishia vimezidi 16.

NFS inayotumia utambulisho wa kawaida, ule wa AUTH_SYS, inabeba vikundi 16 vya nyongeza kwa kila ombi, basi. Cha 17 kinaachwa njiani kimyakimya, bila kosa wala logi. Ndiyo maana anayepata tabu huwa ni mtu wa siku nyingi, aliyepitia idara zote na hakuna aliyemtoa popote. Mchepuko ni kuiambia programu ya rpc.mountd kwenye seva itumie --manage-gids: seva inaachana na orodha iliyoletwa na kompyuta na inatafuta yenyewe mtu huyu ni wa vikundi gani. Sharti lake ni seva iwajue watumiaji wote, na ukimwongeza mtu kwenye kikundi asitegemee kuingia sekunde ileile. Ukishamaliza, mtoe pia kwenye vikundi vya idara alizohama.

Shikamoo. Bosi anataka tusasishe programu ya seva wiki ijayo. Orodha ya kasoro zinazojulikana ina kurasa kumi na moja. Wewe unaisomaje bila kulala?
Wa wiki ijayo

Marahaba. Siisomi kwa mpangilio. Kwanza natafuta wapi wameandika "itarekebishwa" na wapi wameandika "ndivyo ilivyokusudiwa". Ya kwanza ni barabara inayotengenezwa. Ya pili haitatengenezwa kamwe. Mchepuko wake ndiyo njia yako mpya, uizoee au ubadilishe programu. Kisha naruka hadi kwenye yanayogusa namna ya kuingia, nakala rudufu na programu ya kukinga virusi, kwa sababu hayo yakiharibika yanaharibikia wote. Na nasoma orodha za matoleo yote tuliyoyaruka katikati, siyo ya mwisho peke yake. Ukitoka la tatu kwenda la sita, yaliyobadilishwa kwenye la nne na la tano ni yako pia.

Halafu najaribu na vitu vibaya. Kila mtu akishasasisha anafungua faili ya Word, ikifunguka anashangilia. Jaribu na mashine ya fotokopi, jaribu na yule mtu wa vikundi 17, jaribu kurudisha faili moja kutoka nakala rudufu. Jaribu Excel yenye makro ambayo aliyeiandika aliacha kazi.

Lakini kitu ninachokutaka ufanye kabla ya wiki ijayo hakimo kwenye kurasa hizo kumi na moja. Kaa chini uandike michepuko mliyo nayo tayari.

Nitakwambia kwa nini. Mwezi Mei 2017, siku chache tu baada ya WannaCry, Samba nao walitangaza tundu lao, CVE-2017-7494, lililokuwemo tangu toleo la 3.5.0. Viraka vilitoka siku hiyohiyo. Kwa asiyeweza kukibandika mara moja, walitoa mstari mmoja wa kuweka kwenye smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba: nt pipe support = no. Walionya palepale kwamba unaweza kuwanyima watumiaji wa Windows baadhi ya mambo waliyozoea. Niliuweka usiku uleule, nikasinzia vizuri. Wiki iliyofuata nikabandika kiraka. Mstari nikausahau.

Watu wetu hawakuona tofauti, kwa sababu kila mmoja alikuwa na njia yake ya mkato kwenye skrini inayokwenda moja kwa moja kwenye folda. Karibu miaka miwili baadaye akaja binti mpya, hana njia ya mkato. Akaandika jina la seva, akatarajia kuona orodha ya folda za pamoja, akaona kosa. Nilimaliza siku mbili na yule binti. Nilibadilisha waya. Nilimbadilishia kompyuta. Nilimwambia, Mungu anisamehe, pengine anakosea kuandika. Siku ya tatu nikafungua smb.conf kutafuta kitu kingine kabisa, nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina daftari, la karatasi, maana siku seva imelala daftari la kwenye seva halifunguki. Kila mchepuko una mistari yake: niligusa faili gani na nikaandika nini hasa, herufi kwa herufi, nini kimezimwa kwa sababu hiyo, utaondolewa likitokea nini, na tarehe ya kwenda kuangalia hata kama halijatokea. Na kwenye smb.conf penyewe naweka juu yake mstari unaoanza na #, ambao Samba haiusomi ila binadamu anausoma, wenye tarehe na jina langu. "Ya muda" siandiki. Naandika "mpaka toleo fulani" au "mpaka mashine ya fotokopi ibadilishwe".

Nenda kwenye seva yako uangalie. Utakuta mistari ambayo hakuna anayejua imewekwa na nani. Usiifute yote kwa siku moja kwa hasira. Toa mmoja, subiri siku mbili tatu, usikilize nani atapiga kelele, ndipo uende wa pili. Na kama huwezi kumaliza kabla ya wiki ijayo, mwambie bosi asogeze mbele. Kusasisha juu ya michepuko usiyoijua ni kubomoa ukuta bila kujua waya wa umeme umepita wapi.

Bibi Seva, tumerudisha seva yetu pepe, ile inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, kutoka picha ya hali yake ya jana. Sasa watu wanakataliwa kuingia kwenye folda, ujumbe unataja tofauti ya muda. Nimewabadilishia wote nenosiri, haikusaidia.
Mwenye haraka

Ujumbe umekuambia, hukuusoma. Kerberos, mfumo unaothibitisha anayeingia ni nani, inavumilia dakika 5 za tofauti kati ya saa ya mtumiaji na ya seva, hiyo ndiyo kawaida yake. Seva yako imeamka na saa ya zamani. Isawazishe na saa ya kidhibiti cha domeni, seva inayosimamia akaunti za ofisi nzima, na uhakikishe kompyuta mama inayoibeba haiipi saa nyingine tofauti. Utakutana na ushauri wa kuongeza hizo dakika 5 ziwe 30. Achana nao. Kisha uwaombe radhi watu kwa nenosiri jipya.